Swichi za Nyumba ya Kibokoni

Mgeni anayeingia Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Fort Jesus, akafuata Ndia Kuu, hutazama juu kwanza: roshani za mbao, milango ya nakshi, nguo zilizoanikwa juu ya njia. Mimi siku hizi hutazama pale nyaya za stima zinapoingia ukutani. Ndivyo nilivyo tangu shangazi yangu aliponaswa na umeme.

Nyumba yetu iko Kibokoni. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye boriti za mikoko darini na madaka ambamo zamani ziliwekwa taa za mafuta. Kampuni ya umeme ya Mombasa iliundwa mwaka 1908. Nyumba yetu ilikuwako kabla ya hapo, na ilingoja hadi enzi za babu kuunganishwa. Swichi zilizotiwa wakati huo ndizo tulizokua nazo. Ni za mviringo, kila moja imekaa juu ya kibao cha duara, kimo cha bega la mtu mzima. Za vyumbani ni za bakelaiti nyeusi, ile plastiki ngumu iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Za ukumbini, za ngazini na ya karibu na msala zina vifuniko vya shaba, ambavyo bibi alikuwa akivisugua kwa ndimu na majivu kila Shaaban ikielekea ukingoni. Springi iliyo ndani hulia ta! kwa nguvu, na kila moja ina mlio wake. Nikiwa mtoto nilijua nani ameamka kula daku kwa kusikia swichi ipi imelia.

Shangazi ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, naye huijua nyumba kwa kiganja. Alfajiri moja ya masika alitoka kutawadha, mikono ingali imerowa, akapapasa kifuniko cha shaba. Tulimkuta sakafuni. Alhamdulillahi, alivunjika kifundo cha mkono tu.

Fundi alizima meni swichi, akakifungua kile kifuniko, akaniita. "Dada, swichi yenyewe haina kosa kubwa. Tazama nyuma." Nyaya zilikuwa zimevikwa mpira, na mpira ule ulipukutika alipougusa. Miaka ya joto na unyevu wa chumvi ilikuwa imeumaliza. Tena hapakuwa na waya wa ardhini hata mmoja. Umeme uliovuja haukuwa na njia ya kushukia, basi ukakaa juu ya shaba kungoja mkono, na mkono uliorowa ndio unaoupitisha kwa wepesi zaidi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kaka zangu walitaka zote zing'olewe, zitiwe za plastiki nyeupe kama za kila nyumba. Mimi nilitaka zote zibaki. Nakiri nilikuwa nikitetea utoto wangu kuliko usalama wa mtu. Shangazi, mkono ukiwa katika plasta, aliuliza jambo moja tu: "Mkizing'oa, mie nitaijuaje njia?"

Swali lile ndilo lililotuongoza. Nyaya zote zilibadilishwa, pamoja na waya wa ardhini na kifaa kinachokata umeme punde unapovuja. Tulimtafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, na sharti letu lilikuwa asichimbe kuta: chokaa ya zamani ikigongwa patasi huanguka mabamba kwa mabamba. Alipitisha mabomba membamba kandokando ya boriti, na ukiyapaka rangi ya ukuta huyaoni. Swichi za bakelaiti zilifunguliwa moja moja. Zilizopasuka au zilizoungua ndani zilitupwa. Mbili nzima zimerudi kazini, na zinawasha balbu peke yake, si pasi wala friji. Za shaba hazikurudi. Mahali pake tumetia mpya zenye umbo lile lile la mviringo na sehemu ya kufungia waya wa ardhini. Bei yake ilinishtua, kwa hiyo tulizinunua kwa njia anayopita shangazi tu, kutoka chumbani hadi msalani, kila moja juu ya kibao chake cha zamani. Kwingine kaka zangu wamepata plastiki yao.

Mnunuzi wa vitu vya kale alibisha hodi kabla vumbi halijatua. Tulimuuzia vifuniko vitatu. Cha nne, cha ngazini, kimebaki ukutani na swichi yake, bila waya wowote, na mpya iko chini yake kidogo. Shangazi akipita huibonyeza ile ya zamani kwanza, ikalia, kisha huteremsha mkono akawasha taa.