Gunia la Arobaini

Arobaini toa thelathini na tisa, inabaki moja. Hesabu hiyo niliifanya asubuhi moja ya msimu wa mvua, ndani ya ghala la mahindi hapa Sakania, mpakani mwa Kongo na Zambia, daftari mkononi na kalamu sikioni, na sikumbuki kama nimewahi kuwa na hakika ya jambo lolote kuliko nilivyokuwa nayo siku ile. Lori lilikuwa limeingia jana yake kutoka Zambia. Karatasi ilisema magunia 40, na mimi mwenyewe niliyahesabu yakishushwa. Asubuhi yakawa 39. Nikahesabu kutoka mlangoni kwenda ukutani, kisha kutoka ukutani kurudi mlangoni. Thelathini na tisa.

Nikamwita kijana aliyelinda usiku.

"Yaya," akasema, kama huku tunavyomwita mkubwa wetu, "mimi sikuiba kitu."

Nikamjibu kwamba hesabu haisemi uongo. Akanyamaza. Angebishana vipi na 40 toa 39? Pesa yake ya mwezi ule niliikata mwenyewe, na kabla ya wiki kuisha akaacha kazi.

Siku ya kuuza tulipandisha mzigo wote kwenye mzani, na uzito ukatoka kamili. Nilidhani mzani umeharibika. Mama mmoja anayeshona magunia ndiye aliyenicheka: gunia moja lilipasuka jioni ile lori lilipoingia, akagawa mahindi yake kwenye magunia yaliyokuwa yamelegea, akaenda zake kabla kijana hajafika. "Ulitaka niyaache chini, na mvua ile yote?" Nikatoka kumtafuta kijana. Walisema ameshapanda gari la Lubumbashi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kosa lilikuwa wapi. Kwenye kutoa halikuwa, maana hata leo 40 toa 39 ni moja, na kesho itakuwa vilevile. Kosa lilikuwa kwenye neno "gunia". Nilijiona nahesabu mahindi, kumbe nilikuwa nahesabu mifuko.

Na hilo nilikuwa nimefundishwa mapema, nikiwa bado mtoto. Mama yangu aliuza sokoni kwa meka, kile kipimo cha bati. Siku moja nilimimina kwenye ndoo meka moja ya mahindi, nikaongeza meka moja ya unga, nikatikisa. Hazikufika meka mbili. Nilipiga kelele kwamba moja na moja si mbili tena, labda kuna uchawi. Mama hakuacha hata kuchambua maharage. "Unga umeingia katikati ya mahindi, mwanangu. Hakuna kilichopotea." Nilielewa habari ya ndoo, sikuelewa zaidi ya hapo.

Wapo wasomi waliotaka hakika kubwa kuliko ile ya mama. Reli iliyotoka kusini ilifika mpaka huu wetu mwaka 1909, na 1910 ikaingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka huohuo wa 1910, kule Uingereza, Bertrand Russell na Alfred North Whitehead walitoa juzuu la kwanza la kitabu walichotaka kisimamishe hesabu yote juu ya mantiki tupu. Msomaji hupita kurasa zaidi ya 350 kabla ya kufika mahali wanapoandaa njia ya kuthibitisha kwamba moja na moja ni mbili. Yaani reli ilikatiza pori lote hili, na wao bado wako kwenye mbili! Kisha mwaka 1931 Kurt Gödel akaonyesha kwamba mfumo wa namna hiyo, wenye nguvu ya kubeba hesabu za kawaida, hauwezi kujithibitishia wenyewe kwamba haujipingi. Sijaona muuzaji yeyote wa Sakania aliyefunga meza yake kwa sababu hiyo, wala mimi jambo hilo halinikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni gunia.

Ndiyo maana huwa naurudia ule mfupa wa Ishango, ambao ni wa nchi yetu hii. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin aliuchimbua Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Ni mfupa mdogo, unashikika kwa mkono mmoja, na umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 20,000. Sasa umehifadhiwa Brussels. Umechanjwa alama kwa mafungu, katika safu tatu. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Nilizijumlisha kwa kalamu, nyuma ya karatasi ya forodha: 60, na tena 60.

Hebu fikiri. Mtu aliyechanja mfupa ule hakujua Kiswahili wala Kifaransa, hakusema kenda wala tisa, na jumla yake inanifikia nzima kama aliniachia jana. Lakini alikuwa akihesabu nini? Siku za mwezi? Samaki? Deni la jirani? Wataalamu wanabishana mpaka leo, na huenda hata hakuwa akihesabu, alitaka tu mfupa usimteleze mkononi. Sitini imebaki. Kilichokuwa sitini kimepotea.

Mwaka jana nilikwenda kubadilisha kwacha karibu na mpaka. Aliyekaa nyuma ya meza alikuwa yeye, mtu mzima sasa, ana ndevu. Alinitambua kabla sijamtambua. Nilianza kusema habari ya gunia, ya mama mshonaji, ya pesa yake ya mwezi ule ambayo nilitaka kumrudishia. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa, yaya." Halafu akavuta faranga zangu akazipanga mezani moja moja, akihesabu kwa sauti kubwa hadi wa meza ya pili akageuka. Alipomaliza akazikusanya, akaanza tena kuanzia moja.