Swali la Mlangoni

Wengi tukisema sheria ni ngumu tunamaanisha vifungu. Mimi naona ugumu uko mlangoni: nani anaruhusiwa kuingia na kesi yake?

Wana Arusha mnaikumbuka ya Godbless Lema. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu hapa mjini ilitengua ubunge alioupata 2010, kwa sababu ya lugha ya kashfa kwenye kampeni. Waliofungua kesi ni wapiga kura watatu, siyo mgombea aliyeshindwa. Lema akakata rufaa. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti: wapiga kura wale hawakuonyesha haki yao wenyewe iliyovunjwa, hivyo hawakuwa na sifa ya kushtaki.

Nilipomsimulia bibi yangu, muuza ndizi sokoni Tengeru ambaye kila uchaguzi yuko kwenye foleni tangu alfajiri, akaniuliza: "Kwa hiyo mjukuu wangu, kura ni yangu ila kulalamika siyo kwangu?"

Jamani, swali hilo halijibiwi na noti za darasani. Mlango una kazi yake. Bila mlango, kila mwenye hasira angemburuza mbunge mahakamani. Ndiyo maana tunakaririshwa Mukisa Biscuit ya 1969: pingamizi la awali liwe hoja tupu ya sheria, isiyohitaji ushahidi, inayoweza kuimaliza kesi palepale.

Lakini mlango ukibana sana unageuka ukuta. Mwaka 2002, katika kesi ya Ndyanabo, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kabla kesi ya uchaguzi haijasikilizwa, kwa kuwa lilimfungia nje asiye na kitu. Pesa ikaondolewa mlangoni. Miaka kumi baadaye sifa ya mpiga kura ikambana mtu palepale.

Msimamo wangu ni huu: swali la nani ana haki ya kushtaki liamuliwe kwa uhakika siku za mwanzo kabisa. Arusha Mjini ilikaa zaidi ya miezi minane bila mbunge, halafu kesi ikafia kwenye hoja ya mlangoni. Gharama hiyo hawakuilipa mawakili, ililipwa na watu wa Sombetini na Ngarenaro.

Na bibi bado anadai jibu. Nyie wa mwaka wa nne, nisaidieni.