Sungura kwenye chumba cha mtoto

Nyumba tuliyopanga pale Ilboru ina vyumba vitatu. Kimoja chetu, kimoja cha wageni, na cha tatu tulikipa jina siku ile ile tulipohamia: chumba cha mtoto. Mwaka wa nne sasa mtoto hajaja, na mlango wa chumba kile tulikuwa hatuufungui. Jamani, kuna mambo wanandoa mnajifunza kutoyataja kabisa.

Sungura watatu aliwaleta mume wangu. Yeye amekulia huko juu mlimani. Kwao sungura hufugwa na watoto nyuma ya jiko, na siku ikifika ni kitoweo. Banda likakaa uani. Masika yaliyopita, usiku wa manane, siafu wakaingia. Mnaoishi chini ya Meru mnawajua: mvua ikikolea wanatembea kama jeshi, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Tulipofika na tochi, mmoja alishakufa. Wale wawili tuliwachomoa siafu kwa vidole hadi alfajiri.

"Sasa tunawaweka wapi?" nikauliza. Mume wangu akanyamaza, kisha akaenda kufungua ule mlango.

Sikufichi mpenzi msomaji, nilinuna wiki nzima. Niliona amekata tamaa peke yake, bila hata kunishirikisha. Nilipomwambia, akajibu, "Sijakata tamaa, mke wangu. Nimechoka kupita kwenye mlango uliofungwa." Ilikuwa mara ya kwanza tunaliongelea jambo hilo bila kugombana.

Basi tukakipanga chumba pamoja. Kwanza nyaya: meno ya sungura hayaachi kuota, kwa hiyo anatafuna chochote. Tuliziinua zote, nyingine tukazipitisha kwenye bomba gumu la fundi umeme. Sakafu ya saruji inateleza, na baridi ya Juni na Julai si mchezo, tukatandika mkeka na blanketi kuukuu. Boksi la mbao lenye matundu mawili ni pa kujificha. Choo ni beseni pana kwenye kona waliyoichagua wenyewe, magazeti chini, nyasi kavu juu. Nyasi kavu ndiyo chakula chao kikuu, isikosekane usiku na mchana. Majani mabichi ni ya nyongeza, karoti ni ya kuonjesha tu. Parachichi na majani yake, ambayo Arusha yamejaa kila ua, ni sumu kwao. Bahati nzuri wote wawili ni majike. Mimba ya sungura ni kama siku 31 tu, na sidhani kama moyo wangu ungestahimili.

Halafu mama mkwe akaja na mkungu wake wa ndizi. Alisimama mlangoni muda mrefu, mimi nikisubiri maneno. Mwishowe akaketi kwenye mkeka, sungura mmoja akaja kunusa khanga yake.

"Chumba hiki kina jua zuri, mwanangu," akasema. Basi.

Bado tunakiita chumba cha mtoto. Mwezi ujao tuna miadi na daktari. Zamani nilikuwa naenda peke yangu. Safari hii mume wangu ndiye aliyepiga simu, akaandikisha majina mawili.