Kete Hazisikilizani na Zamu

Mwanamke wa Sinza, Dar es Salaam, hulijua bao kwa masikio kwanza. Nimekulia jirani na Kwa Remmy, kituo kinachobeba jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyefariki mwaka 2010. Alasiri wazee walikuwa mwarobainini, nami nikipita na mfuko wa unga nasikia kete zikigonga ubao, halafu kicheko, halafu mtu anaambiwa kafungwa. Nikisimama kidogo tu, baba ananitupia jicho: “Mama, unga umefika?”

Kucheza nimejifunzia Reading, Uingereza, na chanzo ni Mfilipino. Tunafanya naye zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuja na sungka aliyofundishwa na bibi yake: ubao wenye umbo la mtumbwi, safu mbili za vishimo saba saba, shimo kubwa kila mwisho, na kauri 98. Nikamweleza kwetu ni safu nne, mashimo 32, kete 64 za komwe. Kwamba unaanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, unazinamua moja moja huku macho yako kwenye nyumba. Nilijishangaa. Hakuna aliyewahi kunifundisha hayo.

Basi nikaagiza bao kutoka Dar. Tunacheza, ila sisi wawili tu, na bao la watu wawili ni nusu ya bao. Mwarobainini wawili wanacheza, kundi zima linabishana. Asiyeona mtaji anazomewa mpaka auone. Reading wa kuzomea yuko kazini.

Hata hivyo sitawapamba wazee wale. Alasiri zao ndefu zililipiwa na mama zetu, waliokuwa wakikaanga maandazi muda huohuo. Huku ughaibuni nina mshahara wangu, na nikiketi mezani hakuna anayeniuliza unga.

Likizo iliyopita nilikwenda kijiweni, nikaamkia, nikaomba kucheza. Wakasogea. Nyumba yangu ililiwa mapema, na aliyenifunga akatikisa kichwa: “Mwanangu, mkono unao. Lakini mbona mbiombio hivyo, unawahi daladala?” Wengine wakadakia, kila mmoja na kete ambayo ningepaswa kuicheza, nao wakashindwa kukubaliana mpaka adhana ya Magharibi.

Niliporudi nyumbani, mama hakuuliza nimefunga au nimefungwa. Aliuliza sufuria ya maharage nimemwachia nani.