Filimbi ya Mwalimu wa Michezo

Nilipoanza kazi ya ualimu wa michezo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilikuwa na filimbi shingoni na kiboko mkononi. Kocha, kwa akili yangu ya wakati ule, alikuwa mtu wa kufokea watoto. Nikawapeleka vijana wangu Iten, kule juu ukingoni mwa Bonde la Kerio, wakashindwa karibu kila mbio. Jioni nikabaki nimtazame kocha wa pale, Mwairlandi mmoja, anavyofanya.

Huyo ni Bruda Colm O'Connell, aliyefika shule ya St Patrick's ya Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia. Ukocha hakuusomea. Riadha aliirithi kwa Mwingereza Peter Foster, ndugu yake mkimbiaji Brendan Foster, akajifunza kwa macho. Mwaka 1988 mwanafunzi wake Peter Rono akatwaa dhahabu ya mita 1500 kule Seoul. 1992, Barcelona, ikawa zamu ya Matthew Birir katika kuruka viunzi na maji.

Nilitegemea kuona siri. Niliona wasichana (shule ni ya wavulana, lakini tangu 1989 alikuwa na kambi ya vijana wakati wa likizo) wakienda kwa kurukaruka, magoti juu. Hakuna aliyetimua mbio. Yeye kasimama pembeni, kimya, mpaka nikadhani amesahau kazi. Kisha akamwita mmoja, akamgusa bega. Binti alikuwa amelikaza. Akalilegeza, akarudi kwenye mstari. Basi, kwa jioni ile ikawa imetosha.

Sitadanganya kwamba nilibadilika usiku huohuo. Kiboko nilikiacha kidogo kidogo. Marufuku ya viboko shuleni ya mwaka 2001 ilinikuta nimeshakitupa. Filimbi ndiyo iliyonisumbua, maana ukimya unamfanya mwalimu aonekane mvivu mbele ya mkuu wa shule.

Iten nayo ikabadilika: hoteli, kambi za mazoezi, Wazungu wenye saa kubwa mkononi wakihema barabarani. Bruda akabaki palepale na watoto wake.

Agosti 2012 tulijazana mbele ya televisheni kumtazama David Rudisha, kijana wake, akikimbia mita 800 London. Akaongoza tangu mwanzo, dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Wenzangu walikodolea saa macho. Mimi nilikuwa naangalia mabega.