Same: Reli ya Mjerumani, kutu na mzinga wa Kahe

Basi la Dar es Salaam kwenda Arusha husimama Same kwa dakika chache tu. Abiria hushuka, hununua maji, hunyoosha migongo, hurudi vitini. Upande mmoja milima ya Upare imesimama kama ukuta, upande wa pili nyika inaenda mpaka macho yachoke. Wachache hukumbuka kwamba mjini hapo kuna stesheni ya reli, na kwamba stesheni hiyo iko juu ya silaha kubwa kuliko zote zilizowahi kutumika ukanda huu.

Silaha yenyewe ni reli.

Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Moshi mwaka 1911, kilomita 352. Ilijengwa kwa ajili ya mkonge, kahawa na mbao. Lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka Agosti 1914, ikawa mguu wa jeshi. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo Waingereza walipoteremsha askari kutoka India katika ufuko wa Tanga, Kanali Paul von Lettow-Vorbeck aliwapakia watu wake kwenye mabehewa upande wa Moshi na kuwashusha Tanga kwa wakati. Treni hizo zilipita hapa Same, chini ya milima hii hii. Waingereza walishindwa, wakarudi majini wakiacha nyuma bunduki na risasi nyingi zilizotumika dhidi yao baadaye.

Mwaka 1916 mambo yaligeuka. Jeshi la Jenerali Jan Smuts liliingia kutoka Kenya, likapigana Latema na Reata karibu na Taveta Machi 11 na 12, likachukua Moshi, kisha Kahe. Masika yakawasimamisha wote. Mvua zilipopungua Mei, Waingereza walishuka kusini kwa mikono mitatu: mmoja ukifuata mto Pangani, mwingine reli, mwingine ukipenya pengo la Ngulu, pale Upare ya Kaskazini inapoachana na Upare ya Kusini. Mwishoni mwa Mei, Same ilikuwa mikononi mwao. Wajerumani walirudi nyuma wakivunja madaraja na kung'oa reli, na wahandisi wa Kiingereza wakaja nyuma yao wakiunga upya.

Kwa hiyo ukitaka kujua ukarabati wa zana za vita Upare ulianza lini, jibu ni Mei 1916. Na wa mwisho bado ni mbichi: treni za mizigo zilirudi katika njia hii mwaka 2019, na Desemba mwaka huo treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ikapita tena baada ya zaidi ya miaka 20 ya kimya. Familia inayotaka kuwaonyesha watoto historia bila kulipa kiingilio cha makumbusho inaweza kukata tiketi tu.

Mzinga uliotoka baharini

Ukipita Lembeni na Mwanga kuelekea Moshi, reli inaachana na barabara kuu na kuelekea Kahe, penye mito na mashamba ya miwa. Hapa ndipo Wajerumani walipouweka mzinga ambao haukutengenezwa kwa nchi kavu hata kidogo. Ulikuwa wa manowari Königsberg.

Manowari hiyo ndiyo iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus Zanzibar, Septemba 20, 1914. Baadaye ilijificha katika delta ya Rufiji, ikazingirwa kwa miezi, na Julai 11, 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe baada ya kupigwa vibaya. Lakini maji pale hayakuwa na kina kikubwa. Mizinga yake kumi, kila mmoja wenye mdomo wa sentimita 10.5, ikatolewa, ikapelekwa karakana za reli Dar es Salaam, na mafundi wakaitengenezea magari ya magurudumu ili ivutwe bara. Mvutaji hakuwa farasi. Walikuwa watu, kwa mamia, na kamba.

Mmoja wa mizinga hiyo ulisimikwa Kahe. Machi 21, 1916, Waingereza walipokaribia, Wajerumani waliulipua wenyewe, wakavuka mto na kuondoka.

Kati ya ile kumi, mitatu inajulikana kubaki hadi leo: mmoja uko Pretoria, Afrika Kusini, mbele ya majengo ya serikali; mwingine uko Jinja, Uganda; na wa tatu uko Mombasa, nje ya Fort Jesus, jirani na mzinga wa Pegasus. Maadui wawili wa Zanzibar wanaota jua pamoja, watoto wanapanda juu yao kupigwa picha. Tanzania, ambako mizinga hiyo ilizama, ikaibuliwa, ikatengenezwa na kuvutwa kwa mabega ya watu wake, haimo katika orodha hiyo.

Chuma kinavyotibiwa

Kutunza chuma cha vita kunafanana na kumuuguza mgonjwa wa kudumu. Hakuna kupona kabisa, kuna kudhibiti.

Kosa la kwanza la watu wengi ni kuking'arisha. Mtu anaokota kipande cha zamani, anakisugua kwa msasa mpaka kinang'aa kama sufuria mpya, anakipaka rangi ya mafuta. Amefuta alama za kiwanda, rangi ya awali na mikwaruzo iliyokuwa inasimulia kilikopita. Na rangi ikipakwa juu ya kutu hai, kutu inaendelea kula kwa ndani huku nje kunapendeza, kama kidonda kilichofungwa bila kusafishwa.

Chuma kilichokaa baharini kina shida zaidi, kwa sababu chumvi imeshaingia ndani ya vitundu vyake. Ukikikausha tu, kitaanza kupasuka magamba. Wataalamu hukilowesha katika maji yenye magadi au soda kali, na mara nyingi hupitisha umeme mdogo ili chumvi itoke taratibu. Kipande kikubwa kinaweza kukaa humo miezi, hata miaka. Baada ya hapo hukaushwa, hupakwa tanini, ile dawa ya kulainishia ngozi inayopatikana katika magamba ya miwati, ambayo huigeuza kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia. Mwisho hupakwa nta. Magadi tunayo, na miwati inakua Njombe. Kwa kazi hii, kinachoadimika hapa nchini si dawa, ni subira.

Wakati mwingine dawa ni grisi tu. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza, wakitumaini watarudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina ambalo watu wa Kigoma wamelizoea kuliko majina ya mawaziri.

Hapa Upare kuna jambo ambalo wageni wengi hupita bila kulijua. Milima hii ilikuwa nchi ya wahunzi karne nyingi kabla ya reli. Ugweno, Upare ya Kaskazini, ukoo wa Washana ulisifika kwa kuyeyusha mchanga wa chuma uliokusanywa katika vijito, kwa tanuri na mivukuto, na kabla ya wasuya kuwapindua wao ndio waliotawala huko. Wachaga walipata chuma chao kutoka huku kwa ajili ya mikuki na majembe. Bidhaa za viwandani zilipopanda na reli, tanuri zikapoa. Lakini kama kuna mahali Tanzania ambapo karakana ya kuhifadhi chuma cha kale ingekuwa nyumbani, ni kwenye milima hii, na mtoto wa mhunzi asingehitaji kuelezwa mara mbili kwamba chuma kina roho.

Waliobeba

Ulaya kuna watu wanaoitumia Jumapili yao kuvaa sare za babu zao na kuendesha vifaru vya kale mbele ya watazamaji. Kifaru maarufu kuliko vyote, Tiger 131 cha Bovington, Uingereza, kilitekwa Tunisia mwaka 1943 na bado kinanguruma. Inavutia, na inafundisha. Ila ukiileta namna hiyo hapa bila kufikiri, utakuwa na mzinga mzuri na uongo mkubwa, kwa sababu vita ya hapa haikuendeshwa na mashine.

Iliendeshwa na miguu. Upande wa Waingereza peke yake unakadiriwa kutumia wapagazi karibu milioni moja katika vita nzima, na zaidi ya 95,000 walikufa. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, wakiwa wamebeba kilo 25 kichwani juu ya miguu iliyoliwa na funza, wakila unga ambao mara nyingi haukuiva kwa kukosa muda na kuni. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina lao: ndiko kilikokuwa na kambi ya kikosi cha wapagazi.

Waliokuja kutoka nje nao waliugua. Kikosi cha tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilifika Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Oktoba waliobaki na afya ya kupigana walikuwa 116. Wanyama wa kubebea mizigo walikufa kwa maelfu kwa kuumwa na mbung'o. Wajerumani, waliokatiwa meli, waligeukia mti wa sinkona uliopandwa kituo cha Amani, milima ya Usambara, wakatengeneza kwinini yao wenyewe, chungu kupita kiasi. Baadaye, kituo hicho hicho kikawa cha utafiti wa malaria.

Kwa hiyo makumbusho ya vita ya Same, yakijengwa siku moja, yangeweza kuanza na kata ya kichwani, kibuyu cha maji, debe la unga na chupa ya kwinini, kabla hayajatafuta mzinga. Sanamu ya askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927 imeshika bunduki. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Maigizo ya vita nayo si mageni kwetu. Ngoma ya beni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilikuwa na sare, vyeo, tarumbeta na gwaride miaka mingi kabla watalii hawajajua kamera. Askari na wapagazi waliitembeza bara wakati wa vita na baada yake. Walicheza waliyoyaona, mara nyingi kwa kuyakejeli.

Ukiokota kitu

Wanaolima au kuchunga kandokando ya reli, na katika njia zote jeshi lilikopita, wanaweza kukutana na ganda la risasi, kifungo cha sare au kipande cha chuma kizito kisichojulikana. Mnunuzi wa skrepa atakipima kwa kilo, na kikishaingia kwenye gunia hakina tena historia.

Kama ni kifungo au kipande kitupu, kipige picha kikiwa pale pale, andika mahali na siku, usikioshe, kipeleke kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Kama ni risasi nzima au kombora, usikiguse kabisa. Baruti haifi kwa uzee. Nyingine huzidi ukali, na vifyatuzi vilivyoliwa na kutu vinaweza kufyatuka kwa mtikisiko mdogo. Usikipige nyundo, usikitupe motoni, usikiweke nyumbani kama pambo. Weka alama mbali nacho, ondoa watoto na mifugo, toa taarifa polisi.

Kahe leo ni mahali pa mpunga, miwa na maji mengi. Treni ya Moshi hupita na kupiga honi, wanaosubiri hubeba ndizi zao na kuku wao, na mto walioukimbilia Wajerumani usiku ule unaendelea kuteremka kwenda Pangani.