Chakula cha Mashine Kongwe

Kila mashine ina chakula chake. Motokaa hula petroli, kandili hula mafuta ya taa, na kompyuta hula nguvu za umeme. Lakini mtoto mchanga hapewi mifupa ya ng'ombe, na kompyuta nayo haiwezi kupewa umeme kama utokavyo ukutani. Katika Tanzania umeme wa ukutani una volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Kompyuta ya kukunjwa hutaka volti chache, na umeme uendao upande mmoja tu. Kazi ya kuubadili ni ya kile kisanduku cheusi tukiitacho chaja.

Shule yetu ina kompyuta moja ya namna hiyo, IBM ThinkPad T42, iliyotoka mwaka 2004. Ndani yake yalikuwamo majina na alama za wanafunzi wa miaka mingi, na madaftari ya karatasi yalikuwa yameliwa na mchwa. Masika moja radi ilipiga karibu na nguzo ya umeme, chaja ikaungua. Betri nayo ilikuwa imekufa zamani kwa uzee. Basi mashine ikawa kama sanduku lililofungwa, na ufunguo umezama baharini.

Siku chache baadaye akaja kijana mmoja tuliyemfundisha zamani. Mafuriko yalikuwa yamechukua nyumba yao pamoja na vyeti vyake. Chuo cha ufundi kilikuwa kimemkubali, lakini kilitaka barua ya shule yenye alama zake, na siku zilizosalia zilikuwa 9. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nisipoipata barua hiyo, nafasi yangu atapewa mwingine." Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Njoo tufanye kazi."

Tukazunguka madukani, tusione chaja ya namna ile. Zilizokuwapo zilikuwa za volti 19, na kibandiko cha chaja yetu kilisema volti 16 na amperi 4.5. Kijana akauliza, "Je, tofauti ya volti 3 itadhuru nini?"

Nikamwambia afikiri juu ya pipa la maji lililowekwa juu ya mnara. Volti ni kama kimo cha mnara, na amperi ni kama wingi wa maji yapitayo katika bomba. Mnara ukizidi kimo, maji hushuka kwa nguvu mno na kupasua bomba. Lakini pipa likizidi ukubwa si neno, maana anywaye huchukua kadiri ya kiu yake. Kwa hiyo amperi za chaja zaweza kuzidi, bali volti sharti zilingane na zile zitakiwazo na mashine.

Tukanunua chaja ya volti 19 na amperi 4.74, na kwa fundi wa redio tukapata kibao kidogo cha kupunguza volti. Kwanza tukapiga hesabu. Volti 16 mara amperi 4.5 ni wati 72. Volti 19 mara amperi 4.74 ni wati 90. Kibao hupoteza sehemu ya nguvu kwa joto, lakini wati 18 za ziada zilitosha kufidia hasara hiyo.

Kisha tukakata waya wa chaja iliyoungua, tukachukua ncha yake iingiayo katika kompyuta. Mchoro wa kibandiko ulionyesha ya kuwa chanya ni katikati ya ncha na hasi ni nje. Tukahakikisha kwa mita kila waya unafika wapi, tukalehemu maungio, tukatia fyuzi ya amperi 5 katika waya wa chanya, tukafunika kila kiungo.

Kijana alitaka kuiunganisha kompyuta papo hapo. Nikamzuia, maana tungeiua ile mashine tusingekuwa na nyingine. Nikazungusha skrubu ndogo ya kibao hata mita ikasoma volti 16 kamili. Tena tukaipa chaja yetu mzigo wa taa mbili za motokaa, za volti 12 kila moja, zikifuatana katika waya mmoja. Zikawaka nusu saa. Mita haikushuka, wala kibao hakikuunguza kidole.

Ndipo tukaitoa betri mbovu, tukaunganisha. Taa ndogo ya kijani ikawaka, na kioo kikafunguka. Majina yote yalikuwamo. Kabla ya neno lingine nikayanakili mahali pawili, kisha nikaandika barua. Kesho yake alfajiri kijana akapanda basi, na siku 3 zilikuwa zingali zimesalia.

Nanyi, wanafunzi, jueni neno moja. Hatukukifungua kile kisanduku kilichoungua, wala ninyi msifungue chaja yoyote iingiayo ukutani. Ndani yake mna kifaa kitunzacho umeme, nacho chaweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi yetu ilikuwa upande wa volti chache tu, na mtu mzima alikuwapo tangu mwanzo. Atakaye kufanya kama tulivyofanya na asome kibandiko kwanza, apige hesabu, apime kwa mita, na kuunganisha kuwe mwisho.